Usingizi wa Mkaguzi

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Walimwita Mkaguzi. Mama yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyempachika jina hilo mtoto akiwa na wiki tatu tu, baada ya kuona anavyolala chali, macho makavu, akimkodolea kila anayeingia kama mkaguzi wa elimu aliyekuta darasa halina chaki.

"Huyu anatafuta kosa," alisema Mwalimu, na mumewe akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka mkononi.

Miezi mitano baadaye hapakuwa na wa kucheka. Mkaguzi alikuwa halali. Si kwamba alilala kidogo; alisinzia dakika kumi na tano, ishirini akijitahidi, kisha akashtuka na kulia kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, Mwalimu amerudi kazini, na kwa kuwa karakana ya mumewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, mchana mtoto alibaki na baba.

Baba huyo alikuwa fundi redio, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mtu wa mikono myepesi na maneno machache, anayeweza kukaa saa mbili akitafuta waya mmoja uliokatika bila kutoa hata msonyo. Alifanya kazi mtoto akiwa kifuani, amefungwa kwa shuka, na wateja hawakumwacha salama.

"Fundi, siku hizi unatengeneza na watoto?"

"Huyu ameletwa hana swichi ya kuzimia," alijibu.

Ila kulehemu alikataa kabisa akiwa na mtoto kifuani, na kazi isiyo na kulehemu ni nusu kazi. Redio na spika zikajipanga kwenye rafu na vikaratasi vya majina ya wenyewe. Usiku yeye na mkewe walipokezana kutembea sebuleni, na asubuhi walitazamana kama mabondia waliotoka sare.

Nesi wa kliniki, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, ndiye aliyemkalisha Fundi chini. Alimwambia kwamba mtoto hafundishwi kulala kwa nguvu. Anasaidiwa. Saa ileile kila siku, maji ya uvuguvugu, chumba kipungue mwanga, alazwe chali kwenye kitanda kisicho na mito wala vikorokoro, na alazwe kabla hajapitiwa na usingizi ili ajue njia mwenyewe. "Ukimweka, mwekee kiganja kifuani. Usimnyanyue kila akigutuka. Mpe nafasi. Atakapozoea, utaondoa mkono bila yeye kujua."

Fundi aliyaandika yote kwenye kipande cha boksi la spika na kukitundika ukutani. Akayafuata kama anavyofuata mchoro wa saketi. Baada ya wiki moja dakika ishirini zikawa thelathini na tano. Siku moja zikafika hamsini, akampigia mkewe simu shuleni kumpa habari, Mwalimu akaangua kicheko mbele ya darasa.

Ndipo umeme ulipoanza kukatika. Ulikuwa ukiondoka saa tano au saa sita za mchana na kurudi jioni, siku zote za kazi. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mpiga chapa, mzee mpole mwenye vidole visivyotakata wino, na kwa sababu hiyo watu walimwita Mzee Wino. Mashine zake hazikuweza kusubiri, akanunua jenereta, akaiweka mwisho kabisa wa uchochoro uliotenganisha nyumba zao. Uchochoro wenyewe alikuwa ameshauezeka kwa mabati na kuuwekea milango miishoni ili karatasi zake zisinyeshewe.

Siku ya kwanza jenereta ilipowaka, Mkaguzi alikuwa katikati ya kilio. Akanyamaza, akageuza kichwa upande wa ukuta, akasikiliza, midomo ikacheza kidogo. Hazikupita dakika tano akalala. Alilala saa nzima.

Fundi akakuna kidevu. Sauti ilikuwa ndiyo kazi yake, na aliona mara moja kilichotokea: mngurumo usiopanda wala kushuka, unaofunika milango inayobamizwa, pikipiki na wapiga soga wa barabarani. Kesho yake akahamisha kitanda cha mtoto kwenye chumba cha nyuma, kile kilichopakana na uchochoro. Chumba kilikuwa na dirisha moja la uani, na upande wa uchochoro, juu karibu na dari, matundu manne ya hewa. Akaliziba dirisha kwa blanketi zito, akalipigilia misumari pande zote, mwanga usipenye. Mlangoni, chini, akasukumia taulo kuzuia kelele za karakana.

Kilichobaki ni kwamba mngurumo ulikuwa unatoka mbali, unasikika kwa kukatikakatika. Jioni akaenda kwa Mzee Wino.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Mkaguzi hajambo?"

"Hajambo, na yeye ndiye amenituma. Jenereta yako inambembeleza kuliko mimi. Nilitaka kukuomba tuisogeze, ije hapa katikati, usawa wa chumba chake."

Mzee Wino alicheka, kisha akaacha kucheka. Alitazama juu, kwenye yale matundu. "Moshi je? Hautawaingilia?"

"Tutageuza bomba la moshi litazame ukuta wako. Na matundu yako juu kabisa."

"Wewe ndiye fundi," alisema mzee. "Mimi najua wino tu."

Wakaisukuma wawili, wakicheka jinsi watu wazima wanavyoamrishwa na mtoto asiye na meno. Fundi mwenyewe akaliweka sawa bomba la moshi. Kutoka mdomo wa bomba mpaka ukuta wa mzee zilikuwa hatua mbili, na juu kulikuwa na bati.

Wiki hiyo nyumba ikawa nyumba nyingine. Mkaguzi alilala saa mbili, siku iliyofuata saa tatu. Fundi akalehemu, akamaliza redio sita, rafu ikaanza kuonyesha mbao zake. Mwalimu alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akanyata hadi chumba cha nyuma, akamkuta binti yake amelala usingizi wa pono, mikono ameitupa huku na huku.

"Umempa nini?" alinong'ona.

"Nimempa saa ileile kila siku," Fundi alijibu kwa majivuno. "Nimempa kiganja kifuani."

Jumamosi na Jumapili Mzee Wino alifunga, na Mkaguzi akalia siku zote mbili kama zamani, akachunguza kila kitu, akanyonya kwa pupa. Wazazi wake waliziita siku za balaa. Wakawa wanaingoja Jumatatu. Kwenye mtaa huo wote, labda ni nyumba hiyo peke yake iliyofurahi umeme ulipokatika.

Katika wiki ya pili Fundi alianza kuumwa kichwa. Kilimwanza mchana, nyuma ya macho, kikamshika mpaka usiku. Akalaumu moshi wa risasi anayolehemia, akalaumu umri. Alimharibia mteja amplifaya kwa kuunganisha waya mwekundu mahali pa mweusi, kosa ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa anajifunza. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa siku nyingi, alimwangalia akasema, "Macho yako mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Mtoto analala, wewe hulali?"

"Ni uchovu wa nyuma unaotoka," alisema Fundi, na alivyolisema likaonekana kuwa kweli.

Mtoto naye akawa ananyonya nusu chupa na kuiachia. Kumwamsha kukawa kazi. Fundi alimvua soksi, akamkuna nyayo, akamwita, na kichwa kile kidogo kikaning'inia begani kwake kizito kama begi lililojaa maji. Baada ya nusu saa alichangamka kidogo. Jioni moja Mwalimu alimpakata karibu na mlango, akampungia funguo usoni. Akapunga tena.

"Siku hizi hakagui," alisema.

"Anakua. Watoto hutulia."

Mwalimu alizishusha funguo taratibu, na kwa muda mrefu aliendelea kumtazama mtoto ambaye hakuwa akimtazama yeye.

Alhamisi Mkaguzi alitapika mara tatu alipoamka, akawa mlegevu. Fundi alimfunga shuka, akapanda pikipiki ya kukodi mpaka kliniki. Walipita kwenye upepo mwendo wa robo saa, na walipofika, mtoto alikuwa amekunja uso, anamkodolea nesi vilevile kama zamani. Nesi alimpima joto, akasikiliza kifua, akatazama masikio. Hapakuwa na kitu.

"Mchana analala kwa saa ngapi?"

"Tatu. Jana nne."

Kalamu ya nesi ilisimama. "Nne mfululizo? Huyu aliyekuwa hamalizi dakika ishirini?"

"Nimefuata ulivyonielekeza," alisema Fundi.

"Mimi sikukuelekeza saa nne." Alimgeuza mtoto, akamtazama tena kucha na midomo, kama mtu anayetafuta kitu asichokijua jina. "Usimwache zaidi ya saa mbili. Mwamshe umpe chupa. Na hali hii ikirudi, usisubiri kesho. Mlete ukimkimbiza."

Njiani kurudi Fundi alikuwa na moyo mwepesi. Hakuna homa, kifua kisafi. Akaweka kengele kwenye simu yake, ilie kila baada ya saa mbili.

Ijumaa Mzee Wino alikuwa na kazi kubwa ya karatasi za mitihani, na umeme uliondoka mapema. Jenereta ikawashwa saa tatu asubuhi, milango ya uchochoro ikafungwa ili watu wasichungulie mitihani. Saa nne na nusu Fundi alimwogesha Mkaguzi, akampeleka chumba cha nyuma, akamlaza. Mtoto hakulia hata kidogo. Alipoweka kiganja kifuani pake, macho yalikuwa tayari yameshafumba.

Kazi zilikuwa zinamngoja mbele, lakini kichwa kilikuwa kinamgonga. Akaona akae kidogo kwenye kigoda, mgongo ukutani, mkono ukiwa bado kifuani kwa mtoto. Mngurumo ulikuwa umejaa chumba kizima, ulikuwa ndani ya ukuta na ndani ya meno yake. Alijisikia vizuri. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye kuliko mengine yote, na ndilo lililomtisha zaidi: kwamba alijisikia vizuri.

Kengele ya simu ililia. Aliisikia ikitoka mbali, kama inalia nyumba ya mtu mwingine. Akajua ni yake. Akajua maana yake ni mtoto aamshwe. Akaiamuru miguu isimame, miguu ikakataa, imejaa mchanga. Akaamuru mkono umtikise mtoto. Mkono ukabaki pale ulipo. Aliyaona matundu manne juu karibu na dari, kila moja limezungukwa na duara jeusi la masizi ambalo wiki mbili zilizopita halikuwepo, na wazo likaanza kumjia, likaja polepole, kabla halijafika likazimika.

Ng'ambo ya barabara Kinyozi alikuwa anataka kuazima kipande cha waya. Alipiga hodi karakana mara tatu. Alikuta mlango wazi, viti vitupu, na simu inalia ndani bila kupokelewa, inakatika, inaanza tena. Angeweza kurudi kwake. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alishageuka, ila ile simu ikamkera. Akaingia mpaka nyuma, akasukuma mlango uliobanwa na taulo, na joto lenye harufu ya petroli likampiga usoni.

Fundi alizinduka akiwa chini, kando ya barabara, shavu kwenye kokoto, mtu anammwagia maji. Alitapika. Aliona miguu mingi. Kati ya miguu hiyo aliona Kinyozi amepiga magoti, amemlaza Mkaguzi kwenye aproni yake ya kunyolea, anampulizia puani na mdomoni kwa pumzi fupifupi.

"Hapumui," mwanamke mmoja alisema. "Mtoto hapumui."

Fundi alitambaa. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsaidia. Kinyozi alipuliza tena, akasubiri, akapuliza. Mtoto akatoa sauti ndogo, si kilio, ilikuwa kama bawaba ya mlango. Kisha nyingine. Hapo ndipo watu wakapata akili, gari la muuza mboga likasimamishwa, matenga yakashushwa barabarani, wakaondoka.

Hospitali walimvalisha Mkaguzi kinyago cha hewa kilichomfunika uso karibu wote. Fundi naye akapewa chake. Daktari, kijana aliyeongea haraka, alimuuliza akiwa amesimama.

"Mnapikia nini ndani? Mkaa?"

"Gesi. Na jikoni ni uani."

"Kuna gari linalowashwa karibu na chumba? Mashine yoyote?"

Fundi alifumba macho. Lile wazo lililozimika chumbani lilikuwa limesimama mbele yake, zima, linangoja. Angeweza kusema ni jenereta ya jirani, na ingekuwa kweli, na lawama ingekwenda kwa mzee.

"Jenereta," alisema chini ya kinyago. "Iko chini ya matundu ya chumba chake."

"Nani kaiweka hapo?"

"Mimi."

Daktari aliacha kuandika. Akamweleza kwamba moshi wa mashine una hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri, na mtoto mdogo huzidiwa nayo haraka kuliko mtu mzima. "Hakuwa analala," alisema, si kwa ukali. "Siku zote hizo alikuwa anazimia kidogokidogo."

Mwalimu alifika na chaki bado iko vidoleni. Aliingia akamwona mtoto, akatoka, akaja kukaa kwenye benchi ukumbini kando ya mumewe, ambaye kinyago walishamtoa. Alikuwa ameshasikia habari ya jenereta kwa wauguzi.

"Nitamwendea yule mzee," alisema. "Nitamwendea leo. Amekaa na sisi miaka yote, halafu anaweka mashine ukutani kwa mtoto."

"Nilimwomba mimi."

Mwalimu aligeuka.

"Aliniuliza kuhusu moshi," Fundi akaendelea, kwa kuwa akinyamaza asingeweza kuanza tena. "Nikamwambia matundu yako juu. Bomba niligeuza mwenyewe. Na blanketi. Na taulo."

Mkewe hakupiga kelele. Mfagiaji alipita na kuwaambia wainue miguu, wakainua wote wawili, wakashusha.

"Kila nikirudi nikamkuta amelala," alisema Mwalimu hatimaye, "nilikuwa nashukuru. Nilikuwa nasimama pale mlangoni, namshukuru Mungu. Harufu ilikuwepo. Nilidhani ni moshi wa risasi yako ya kulehemu."

Siku ya tatu Mkaguzi alitolewa kinyago. Alinyonya, akalia. Daktari aliwaambia wasihesabu ushindi mapema. Uhai umerudi, lakini ubongo wa mtoto hausemi kila kitu siku moja. Mengine yatajulikana atakapokaa, atakaposimama, atakapoanza kuita watu. Watamleta kila mwezi, na watasubiri.

Mzee Wino alikuja hospitali na matunda kwenye mfuko, akasimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. Fundi alimfuata nje. Mzee alikuwa anarudia kwamba yeye ni mtu mzima, alipaswa kukataa. "Uliniuliza, Mzee," Fundi alimwambia. "Uliniuliza, nikakujibu vibaya." Jenereta ilikuwa imeshaondolewa. Mashine zake zilinyamaza mchana kutwa, wanafunzi wakafanya mtihani kwa kuchelewa wiki moja.

Mwalimu hakurudi nyumbani. Alimpeleka mtoto kwa dada yake, upande mwingine wa mji, kwenye nyumba ya madirisha makubwa. Hakumkataza mumewe kuja. Fundi alikuja kila siku mchana, akifunga karakana. Shemeji yake alimfungulia mlango, akamsalimia vizuri, akamkaribisha maji, na hakumwacha peke yake na mtoto hata mara moja. Fundi aliliona na hakulalamika.

Mkaguzi alikuwa amerudia dakika zake kumi na tano. Fundi akimbembeleza alikuwa anamwangalia kifua, na kifua kikichelewa kupanda, au akidhani kimechelewa, alimfinya sikio mpaka mtoto aamke na kulia. Mwalimu alivumilia wiki tatu.

Jumapili moja, saa nane mchana, madirisha yote yakiwa wazi na mapazia yanapepea mpaka katikati ya chumba, mtoto alilala mwenyewe. Hakuna aliyembembeleza. Dakika ishirini zikapita, thelathini, saa nzima. Fundi alinyoosha mkono kuelekea sikio.

Mkewe akamshika kifundo cha mkono. "Mwache."

"Imezidi saa moja."

"Najua. Ninaangalia saa kama wewe. Nesi alisema watoto wa umri wake wanalala hivi. Mwache alale."

Hakumwachia mkono. Shemeji alikuja mlangoni, akawatazama, akatazama kitandani, akabaki amesimama hapohapo na kitambaa cha vyombo mkononi. Saa ya ukutani ikafika tisa na dakika kumi, ikafika tisa na robo. Walisikiliza. Kulikuwa na pumzi, halafu kimya, halafu pumzi. Saa tisa na nusu Mkaguzi alikohoa kidogo, akajigeuza upande wa pili, akalala tena, na kati ya watu wazima watatu waliokuwa ndani ya chumba kile hakuna aliyethubutu kuondoka.